Roboti la Mita 18 na Ugomvi Usiokwisha

Mwezi Agosti 1979, Rais Ferdinand Marcos wa Ufilipino alipiga marufuku katuni. Magazeti ya wapinzani alikwisha kuyafunga zamani, tangu alipotangaza utawala wa kijeshi mwaka 1972, na wanasiasa wasumbufu alikwisha kuwatia ndani. Safari hii zamu ilikuwa ya Voltes V, katuni ya Kijapani ya roboti kubwa iliyokuwa ikirushwa na kituo cha GMA. Pamoja nayo zilifagiliwa nyingine za jamii hiyohiyo, Mazinger Z ikiwemo. Serikali ilisema zina fujo mno na zinaharibu watoto. Hadithi ya Voltes V ilikuwa imebakiza sehemu chache tu kwisha.

Sehemu hizo chache ndizo zilizozua mambo. Katika sayari ya Boazan, aliyezaliwa na pembe kichwani ni bwana na asiye na pembe ni mtumwa. Wenye pembe wanaivamia Dunia, na vijana watano wanaunganisha vyombo vyao vitano kuwa roboti moja la kupambana nao. Watatu kati ya vijana hao ni ndugu, na baba yao, kumbe, ni mzaliwa wa Boazan, mtu wa ukoo wa juu aliyezaliwa bila pembe. Mwishoni watumwa wanaasi na ikulu ya wenye pembe inaanguka. Mtoto wa Manila aliyenyimwa mwisho huo akiwa na miaka kumi alikuwa na miaka kumi na saba mwaka 1986, umati ulipofurika barabara ya EDSA na Marcos akapandishwa ndege kwenda Hawaii. Wafilipino wengi wa rika lile wanaamini mpaka leo kwamba kilichomtisha mzee hakikuwa fujo za mapanga ya chuma bali ule mwisho. Serikali haikuwahi kusema hivyo, na wazazi waliolalamika huenda walikuwa wakweli katika malalamiko yao. Lakini jaribu kumwambia hayo Mfilipino wa miaka hamsini na ushei. Mwaka 2023 GMA ileile ilitengeneza upya Voltes V kwa waigizaji wa kweli, kila usiku wa juma la kazi, na nchi nzima ikapata kisa cha kuzungumzia tena pembe na watumwa.

Naanzia Manila kwa sababu huku kwetu kijana anayetazama anime huambiwa akue. Naruto ana watetezi, One Piece ina watetezi, lakini ukitaja maroboti makubwa hata wapenzi wa anime wenyewe wanaguna: si ni Power Rangers tu hayo? Jibu ni ndiyo, kwa sehemu. Yale maroboti ya Power Rangers tuliyoyatazama miaka ya tisini yalikatwa kutoka vipindi vya Kijapani na kuunganishwa na waigizaji wa Kimarekani. Voltron nayo ilishonwa hivyohivyo, mwaka 1984, kutokana na katuni mbili za Kijapani zisizohusiana. Kilichopotea katika kukata na kushona ni kile kinachowafanya mashabiki wa Tokyo, Manila na Riyadh wabishane mpaka usiku wa manane: nani kati ya hawa wanaopigana ana haki?

Swali hilo lilikuwemo tangu mwanzo. Mwaka 1956 mchoraji Mitsuteru Yokoyama alianza kuchapisha Tetsujin 28-go, kisa cha roboti lililobuniwa kwa ajili ya jeshi la Japani wakati wa vita na ambalo sasa linaongozwa na mtoto kwa rimoti. Roboti halina akili wala dhamiri. Mwenye rimoti ndiye mwenye roboti, na majambazi wanalijua hilo vizuri. Watoto waliokisoma walikuwa wamezaliwa kwenye majivu ya Tokyo na Osaka. Mwaka 1972 Go Nagai akaja na Mazinger Z na kumwingiza kijana ndani ya kichwa cha roboti, awe dereva. Nagai amesimulia kwamba wazo hilo lilimjia akiwa amekwama kwenye foleni, akitamani gari lake liote miguu liyavuke magari mengine. Aliyewahi kukaa Ubungo jioni ya Ijumaa mvua ikinyesha hahitaji maelezo zaidi kuhusu chimbuko la sanaa hii.

Kisha, tarehe 7 Aprili 1979, ikaja Gundam.

Muongozaji wake, Yoshiyuki Tomino, alizaliwa mwaka 1941 na alikuwa ameshaongoza katuni kadhaa za maroboti ambazo ziliuza midoli na kusahaulika. Mchora wahusika, Yoshikazu Yasuhiko, alikuwa amefukuzwa Chuo Kikuu cha Hirosaki kwa kushiriki harakati za wanafunzi za miaka ya sitini. Mtengeneza midoli aliyedhamini kipindi alitaka bidhaa. Tomino alitaka roboti jeupe la kijeshi, mdhamini akadai rangi za kuvutia watoto, na ndiyo maana Gundam ana nyekundu, buluu na njano kifuani. Lakini hadithi aliiacha mikononi mwa watu hawa wawili na wenzao, na hapo mdhamini alifanya kosa kubwa la kibiashara, au bahati kubwa ya sanaa, inategemea unasimama wapi.

Msimulizi wa Gundam anaanza kwa kutaja takwimu za maafa. Dunia ilipojaa, watu wengi walihamishiwa angani, kwenye mapipa makubwa yanayozunguka, kila pipa na miji, mito na mashamba yake. Hayo ndiyo makoloni. Serikali kuu ilibaki Duniani ikiwatawala kutoka mbali. Makoloni yaliyo mbali kuliko yote yakajitangazia uhuru kwa jina la Zeon na kuanzisha vita, na katika muda wa mwezi mmoja na ushei nusu ya wanadamu wote wakafa. Hadithi yenyewe inaanza baada ya hapo, pande zote mbili zikiwa zimechoka. Amuro Ray, kijana wa miaka 15 anayependa mashine kuliko watu, anaingia ndani ya roboti jeupe ambalo baba yake alishiriki kulibuni, na anaanza kusoma kitabu cha maelekezo huku adui akimjia.

Kuanzia hapo hakuna tena zimwi la wiki hii na zimwi la wiki ijayo. Adui wana majina na wake na madeni ya kifamilia. Katika mgahawa mmoja jangwani, Amuro anakutana na Ramba Ral, ofisa wa Zeon, bila kujuana vizuri. Hamon, mwanamke wa Ral, anataka kumlipia kijana chakula, naye anakataa kwa kuwa si ombaomba. Ral anampenda kwa jeuri hiyo. Katika sehemu inayofuata Ral anakufa mbele ya macho ya kijana huyohuyo. Katika sehemu ya 13 Amuro anamkuta mama yake baada ya miaka mingi, askari wa Zeon wanatokea, kijana anafyatua risasi, na mama anamtazama kama mtu asiyemfahamu. Sidhani kama kuna tukio katika katuni zote za miaka ile lililowaambia watoto ukweli zaidi ya hilo, na hakuna roboti hata moja ndani yake.

Watazamaji hawakuja. Kipindi kilichopangwa kuwa na sehemu 52 kilikatwa zikawa 43, na kikafungwa Januari 1980. Kilichofuata ni kazi ya mashabiki. Wanafunzi wa sekondari na vyuo waliandika barua, wakachapa vijarida vyao wenyewe, wakaomba marudio. Marudio yakapata watazamaji ambao mara ya kwanza hawakuwepo. Julai 1980 kampuni ya Bandai ikaanza kuuza vifaa vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe, kimoja yeni 300, na madukani ikawa vurugu. Februari 22, 1981, kabla filamu ya kwanza haijatoka, maelfu ya vijana walijaa nje ya kituo cha treni cha Shinjuku, Tokyo, wengine wamevaa sare za Zeon, na likasomwa tamko la kutangaza zama mpya za anime. Vijana wa rika lililotangulia walikuwa wamekusanyika Shinjuku hiyohiyo kupinga vita vya Vietnam. Wazee waliona ni kushuka hadhi. Mimi naona walikuwa wanajadili jambo lilelile, ila kwa lugha ambayo polisi hawakuielewa.

Na jambo lenyewe, lililobishaniwa siku ile na linalobishaniwa hadi leo, ni hili: Zeon walikuwa na haki?

Upande mmoja hoja ni nyepesi. Watu wa makoloni hawakupewa sauti. Mwanzilishi wa vuguvugu lao, Zeon Zum Deikun, alidai wajitawale, akaheshimiwa kama baba wa taifa. Lakini Deikun alikufa, na mashabiki wengi wanashuku mkono wa mtu. Aliyeshika nafasi yake, Degwin Zabi, aliigeuza jamhuri kuwa utawala wa ukoo. Mtoto wake mkubwa, Gihren, ndiye bingwa wa propaganda; mdogo wao Garma anapouawa vitani, mazishi yanageuzwa mkutano wa hadhara, Gihren akihutubia na umati ukiitikia kaulimbiu kwa mikono iliyonyooshwa. Baba mtu mwenyewe, baadaye, anamwonya mwanawe kwamba anafuata nyayo za Hitler. Mwana anamuua baba. Dada, Kycilia, anamuua kaka. Watoto wa Deikun, wakati huo, wanaishi kwa majina ya kupanga. Mmoja wao ni Char, rubani wa roboti jekundu anayevaa kinyago, anayetumikia jeshi la akina Zabi ili apate nafasi ya kuwamaliza.

Msomaji wa Afrika Mashariki, Kati au Kusini hahitaji ramani hapa. Madai ya uhuru yalikuwa ya haki, na walioyarithi waliyafanya mali ya nyumba yao. Jirani yako kwenye daladala anaweza kukupa mifano mitatu kabla hujafika kituo kinachofuata, na mmoja kati ya hiyo utaomba aunong'oneze. Kinachonivutia ni kwamba Tomino na wenzake hawakuchukua njia rahisi ya kusema kwa hiyo madai yalikuwa uongo. Serikali ya Dunia katika Gundam haina usafi wowote: majenerali wake wanajificha kwenye handaki chini ya msitu wa Amerika Kusini, na hawaoni aibu kutumia meli iliyojaa vijana na wakimbizi kuwa chambo. Shabiki anayependa Zeon ana hoja zake.

Ila kuna swali moja ambalo sijawahi kusikia shabiki wa Zeon akilijibu bila kubadilisha mada. Watu wa kwanza kuuawa katika vita hivyo vya uhuru walikuwa nani? Walikuwa watu wa makoloni. Zeon ilipuliza gesi ya sumu ndani ya koloni la wenzao, ikawaua wakaazi wote, kisha ikalisukuma pipa hilo tupu lianguke Duniani. Wakoloniwa wa angani walikufa kwa mamilioni ili wakoloniwa wa angani wawe huru. Char naye, mtoto wa baba wa taifa, kipenzi cha mashabiki, anakuja kufanya nini katika filamu ya mwaka 1988? Anajaribu kuiangushia Dunia mwamba kutoka angani. Mtu anaweza kumpenda Char, na mimi simlaumu, maana kinyago kile kinapendeza. Lakini asiniambie alikuwa mkombozi.

Wapo wanaosema mjadala wote huu ni unafiki, kwa kuwa kipindi kinachodai kupinga vita kinaishi kwa kuuza silaha za plastiki. Hoja hiyo ina uzito kuliko wapenzi wa Gundam wanavyokubali. Roboti la Zeon liitwalo Zaku, lenye jicho moja, ni miongoni mwa bidhaa zinazonunuliwa sana. Mtoto aliyelishika mkononi hafikirii gesi. Mwaka 2009 Gundam la mita 18, kimo kilekile cha kwenye hadithi, lilisimamishwa Odaiba, Tokyo, na watu wakamiminika kulipiga picha. Baadaye Yokohama ikapata jingine lililotembeza mguu na kunyoosha mkono, hadi mwaka 2024. Kifaru cha kweli hakina mvuto huo. Tomino mwenyewe amekuwa mkali kwa mashabiki wake kwa miaka mingi, kiasi kwamba ukali wake umekuwa sehemu ya burudani. Muongozaji hawezi kudhibiti mtu anafurahia nini anapoona chuma kikigongana na chuma. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba kuna mtu ndani ya kile chuma, na kwamba tumesikia jina lake kabla hakijalipuka.

Muongozaji Hideaki Anno aliyaendea hayo kwa njia nyingine katika katuni ya Evangelion, iliyorushwa kuanzia Oktoba 1995: kijana wa miaka 14 hataki kabisa kuingia ndani ya roboti, na sehemu mbili za mwisho zinaviacha vita na kubaki kichwani mwake. Mashabiki walikasirika hadi vitisho. Anno akajibu kwa filamu ya mwaka 1997, ambamo baadhi ya maandishi yao ya chuki yanapita kwenye kioo kwa kasi.

Waarabu nao wana roboti lao, na hili liko karibu nasi zaidi. Grendizer, kazi nyingine ya Go Nagai, ilitafsiriwa na kutiwa sauti za Kiarabu nchini Lebanon vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, ikasambaa Iraq, Syria na nchi za Ghuba. Mhusika mkuu, Duke Fleed, ni mwana wa mfalme ambaye sayari yake imeteketezwa na wavamizi. Anakimbilia Duniani, analelewa na mtu mwema, anafanya kazi shambani kwa jina jipya, na akiba yake ni roboti alilotoroka nalo. Wapo watazamaji waliouona ndani yake mkasa wa Palestina. Ufaransa ilionesha katuni hiyohiyo kwa jina la Goldorak kuanzia Julai 1978, watoto wakapagawa, wazazi wakalalamika juu ya ukatili, na mjadala ukawa wa malezi. Katuni moja, watoto wa rika moja, lakini Paris walijadili mishipa ya fahamu ya mtoto wakati Beirut walijadili nyumba iliyochukuliwa. Nafikiria pia sebule za Muscat ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, kwa familia zilizoondoka Zanzibar baada ya mwaka 1964: sijui mtoto wa huko alipomwona mkimbizi wa kifalme anayelima shamba la watu alimuuliza bibi yake maswali gani. Riyadh, mwaka 2022, walilisimamisha Grendizer la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 33, karibu mara mbili ya Gundam la Tokyo. Utoto ukipata fedha za mafuta hauna simile.

Na sisi? Sisi tumo, ila kama mandhari. Katika Zeta Gundam ya mwaka 1985, kikosi cha mabavu kiitwacho Titans, kilichoua wakaazi wa koloni zima kwa gesi kwa sababu ya maandamano, kina ngome kubwa ndani ya mlima Kilimanjaro. Sehemu mbili nzima, ya 35 na ya 36, zinapiganwa humo, theluji ikipeperuka, na msichana Four Murasame anakufa hapo katika mojawapo ya vifo vinavyoliliwa zaidi na mashabiki. Sehemu inayofuata iko Dakar, ambako bunge la Dunia linakutana na Char anahutubia. Gundam SEED ya mwaka 2002 ina bandari ya anga iitwayo Victoria, yenye reli ndefu ya kurushia vyombo, na reli hiyo inaitwa Habilis, jina la binadamu wa kale aliyechimbuliwa Olduvai. Waandishi walifanya utafiti wao. Wanajua kwamba karibu na ikweta mzunguko wa Dunia hukipa chombo msukumo wa bure, jambo ambalo Waitaliano walilijua walipoweka majukwaa ya San Marco baharini karibu na Malindi, ambako satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970.

Wanachokosa ni watu. Kilimanjaro ile haina Mchaga. Haina mgomba, haina mfereji, haina kanisa la Kilutheri wala msikiti chini ya mlima. Jeshi limechimba ngome ndani ya mlima ule, na hakuna anayeuliza Machame na Marangu walihamishiwa wapi, wala malori ya chakula cha askari yalipita barabara gani, yakiendeshwa na nani. Sichukulii kuwa tusi. Mtu huchora anachokijua, na nchini mwake Tomino aliwaona vizuri hata wapishi wa meli. Nasema tu kwamba shabiki wa Moshi ana ugomvi wake halali ambao wa Tokyo na Manila hawawezi kumsaidia, na kwamba ugomvi huo ungezaa hadithi nzuri. Sina haja na Mtanzania wa kuendesha roboti. Nataka mama ntilie wa pale getini.

Pale ambapo Gundam ilitukaribia bila kututaja ni Iron-Blooded Orphans, iliyoanza 2015. Mazingira ni sayari ya Mars, lakini mtu wa Bukavu au Goma anaweza kuitazama kwa taabu. Watoto yatima wa kukodiwa wanapasuliwa uti wa mgongo na kutiwa kifaa cha kuwaunganisha na mashine. Wengi hufa au kulemaa, wanaopona hupelekwa mstari wa mbele. Wanawaasi mabosi wao na kuunda kampuni yao, kisha kila ushindi unawadai kiungo: Mikazuki, rubani wao mkuu, anapoteza jicho, mkono, mwishowe karibu nusu ya mwili, na nje ya roboti anabebwa. Congo iliwaona makadogo, yaani askari watoto, wakiingia Kinshasa mwaka 1997, bunduki zikiwazidi urefu, na iliona vilevile walivyosahaulika baada ya hapo. Baadhi ya mashabiki walikasirika kwamba mwisho wa katuni hii ni mchungu mno, kwamba vijana wale walistahili kushinda. Walistahili. Ila sioni ni mwandishi gani mkweli angewapa ushindi.

Mwaka 2025 watengenezaji wakaamua kulichokonoa swali la zamani moja kwa moja. Katuni yenye jina lisilotamkika, GQuuuuuuX, iliyoongozwa na Kazuya Tsurumaki wa studio ya akina Evangelion, inaanzia kwenye historia iliyopinduliwa: Char analiiba roboti jeupe kabla Amuro hajalifikia, na Zeon inashinda vita. Uhuru umepatikana. Miaka mitano baadaye Gihren na Kycilia wanawindana kama kawaida yao. Katika koloni lisilofungamana na upande wowote, msichana aliyekimbia vita, Nyaan, anaishi kwa kusafirisha vifaa vya magendo, na polisi wanavamia mtaa wa wakimbizi kwa maroboti ya Zaku, wakibomoa kuta za watu. Mashabiki wa Zeon walioomba kwa miaka 45 waone upande wao ukishinda wamepewa walichoomba, na sasa wamegawanyika: wengine wanasema nchi ingetulia chini ya Gihren, wengine chini ya dada yake.